Mamlaka, Uhalali na Uasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa nikifundisha Historia na Kiswahili katika kidato cha tano na cha sita hapa Dodoma. Mengine yaliulizwa darasani, mengine yaliulizwa na wazazi stendi au msibani, baada ya mtoto kurudi nyumbani na mada ambayo babu yake ana la kusema juu yake. Yameanza na yale ya msingi, yakaishia na yale ambayo bado yananinyima usingizi mimi mwenyewe. Pale ambapo jibu limekwisha kutolewa kwingine, msomaji ameelekezwa kwa namba ya swali.

## Maneno yenyewe

1. Kuna tofauti gani kati ya nguvu, mamlaka na madaraka?

Nguvu ni uwezo wa kumlazimisha mtu. Jambazi mwenye panga ana nguvu, na utamtii mpaka atakapokupa kisogo. Mamlaka ni nguvu ambayo wanaotawaliwa wameikubali kuwa ni haki. Mwenyekiti wa kitongoji hana panga wala bunduki, lakini akisimama shambani na kusema kwamba mpaka unapita kwenye mnyaa ule, majirani wawili waliokuwa tayari kushikana mashati hurudi kila mmoja nyumbani kwake. Kinachoigeuza nguvu kuwa mamlaka huitwa uhalali, na karibu kila swali lililo hapa chini, ukilichimba, utakuta ni swali la uhalali.

Madaraka ni mamlaka yaliyokabidhiwa na kuwekewa mipaka. Tanganyika ilipata madaraka ya ndani tarehe 1 Mei 1961, na uhuru kamili ukaja tarehe 9 Desemba mwaka huohuo. Mwanafunzi akiweza kueleza ni nini kilichokosekana katika miezi ile saba, ameielewa tofauti ya maneno haya kuliko kwa kukariri fasili.

2. Uasi, mapinduzi, upinzani, vita: nitumie neno lipi katika insha?

Neno uasi limetokana na kuasi, yaani kuacha kumtii yule ambaye kumtii kulikuwa wajibu wako. Mtoto humwasi mzazi, mja humwasi Mungu, na ndiyo maana neno maasi lina harufu ya dhambi. Kwa hiyo, unapoandika kwamba watu fulani waliasi, tayari umekwisha kusema kwamba aliyewatawala alistahili kutiiwa. Hilo ni hukumu, na mara nyingi mwandishi huitoa bila kujua.

Wajerumani waliviita vita vya 1905 hadi 1907 uasi, kwa kuwa machoni pao nchi ilikuwa yao. Vitabu vyetu vinasema Vita vya Maji Maji, nami nashikilia jina hilo. Watu wa Umatumbi, kule kusini-mashariki vita ilikoanzia, hawakuwahi kuketi na kumpa gavana nchi yao. Walitozwa kodi kuanzia mwaka 1898, wakalazimishwa kulima pamba, wakachapwa viboko na maakida, yaani wasimamizi waliowekwa na Wajerumani, na siku walipochoka walipigana. Mapinduzi ni neno la kutumika pale mfumo wenyewe wa utawala unapopinduliwa na kuwekwa mwingine, kama ilivyokuwa Zanzibar tarehe 12 Januari 1964. Upinzani ni neno pana zaidi, na linabeba hata vitendo vya kimya ambavyo havikutoa tone la damu.

## Ugogo kabla ya boma

3. Je, Wagogo walikuwa na mfalme?

Hapana, hawakuwa na mfalme mmoja. Ugogo, yaani nchi ya Wagogo hapa Dodoma, iligawanyika katika nchi ndogondogo nyingi, kila moja ikiwa na mtemi wake aliyetunza mawe ya mvua na kigoda cha ukoo. Wasomaji wanaotoka kwenye historia ya Buganda au Karagwe huliona hilo kama upungufu, kana kwamba jamii isiyo na mfalme haijakomaa. Mimi sikubaliani nao. Mvua ya hapa ni ya msimu mmoja tu, kati ya milimita 500 na 600 hivi kwa mwaka, tena hunyesha kijiji hiki na kukiruka kile. Katika nchi ya namna hiyo, kumkusanyia mtu mmoja chakula cha kulisha jeshi na jumba la kifalme kungekuwa ni kuwaua wengine kwa njaa.

4. Kama mtemi hakuwa na jeshi la kudumu wala polisi, kwa nini watu walimtii?

Walimtii kwa sababu alikuwa na deni kwao. Mtemi alipaswa kuhakikisha kwamba mvua inaombwa kwa wakati, kwamba dawa za kulinda mbegu na mipaka ya nchi zimetengenezwa, na kwamba mgeni anapokewa na kesi inasikilizwa. Mvua ikikatika, watu hawakulitazama anga peke yake, walimtazama na yeye.

Jambo la pili ndilo ambalo wanafunzi wangu wengi hawalitarajii. Mali ya Mgogo ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe ana miguu. Mwenye kaya aliyeona kwamba mtemi wake ameshindwa kazi au amekuwa mkali kupita kiasi hakuhitaji kushika mkuki. Aliiacha tembe yake ya udongo, akaswaga mifugo yake mpaka nchi ya mtemi mwingine ambako alikuwa na shemeji au mjomba, akajenga upya. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta kaya zikihamahama kwa kiwango kikubwa hata wakati huo. Mtemi aliyebaki na kigoda na mawe ya mvua bila watu hakuwa mtemi wa kitu. Uwezo huu wa kuondoka, kwa maoni yangu, ndio uliokuwa katiba ya Ugogo, na tutaurudia katika swali la 14.

5. Hongo waliyotoza watemi wa Ugogo ilikuwa rushwa?

Haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru wa wazi, uliojadiliwa mchana mbele za watu, na msafara mzima ukajua kiasi kilicholipwa.

Ili kuuelewa, ni lazima mtu aifikirie njia yenyewe. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, karibu na Tabora, ilipofika Mpwapwa ilikuwa imebakiwa na nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali, yaani maji makali, kwa sababu ya ladha ya maji yake machache. Wapagazi waliivuka nyika hiyo kwa kwenda mfululizo, wakiwa na mizigo ya vitambaa na shanga mabegani, na walipoingia Ugogo walikuwa na kiu inayomfanya mtu asione kingine zaidi ya kisima. Kisima kilikuwa cha wenyeji, waliokichimba na kukizibua kila kiangazi. Mgeni mwenye wapagazi mia tano anakunywa siku moja maji ambayo ng'ombe wa kijiji wangeyanywa kwa siku nyingi. Mtemi alituma wajumbe, kiasi kikatajwa kwa doti za vitambaa vya merikani na kaniki, kiongozi wa msafara akalia kwamba amefilisika, wakapatana, ngoma ikapigwa kutangaza kwamba hongo imepokelewa, na kuanzia hapo watu walileta nafaka, maziwa na asali sokoni. Magomba, mtemi wa Kanyenye, alijulikana kwa wasafiri wa Kizungu wa kati ya karne ya 19 kwa namna alivyojua kudai, na wengi wao waliandika kwa hasira kana kwamba wameibiwa. Hakuna aliyeandika kwa hasira ileile juu ya ushuru wa forodha alioulipa bandarini.

Mwaka 1890 Mjerumani Carl Peters alipita hapa akirudi pwani kutoka Uganda. Yeye alikataa kulipa, akawapiga watu risasi na kuchoma vijiji. Baada ya hapo boma la Mjerumani likapiga marufuku hongo, kisha likaanza kutoza kodi yake lenyewe. Leo kamusi zinalieleza neno hongo kuwa ni rushwa, kitu kinachopitishwa chini ya meza. Kila ninapolifundisha neno hili huwaomba wanafunzi watulie nalo kidogo: tendo la kumlipa mwenye nchi halikukoma, ila aliyekuwa na bunduki aliliita tendo lake kwa jina zuri na la mwenzake likaachwa lichafuke.

## Vita na Wajerumani

6. Wagogo walipigana na Mjerumani, au walimkubali?

Walipigana, lakini hawakupigana vita moja kubwa yenye jina moja, na ndiyo maana vitabu vya shule huwapita. Mwaka 1889 wapiganaji wa Abushiri bin Salim kutoka pwani walifika hadi Mpwapwa na kukishambulia kituo cha kampuni ya Kijerumani. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo, na Wajerumani wakajenga ngome Mpwapwa. Baadaye wakajenga boma Kilimatinde. Mapigano kati yao na watemi yalikuwa ya nchi moja moja, kama mfumo wenyewe wa Ugogo ulivyokuwa. Pasipo mfalme wa kumshinda, hapakuwa na siku moja ya kushindwa.

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, na kilichowavunja watu zaidi kuliko risasi kilikuja kupitia njia hizo hizo za usafiri. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Kijerumani na kisha la Kiingereza, lililoingia Dodoma mwaka 1916, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana, ghala zilikuwa tupu. Njaa ile, ambayo wazee waliiita Mtunya, ilidumu tangu 1917 hadi 1920, na inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa katika Ugogo iliyokuwa na watu kama 150,000. Ninaiweka katika ukurasa huu kwa makusudi, kwa sababu mwanafunzi akiuliza kwa nini hapakuwa na maasi makubwa Ugogo miaka ya 1920, jibu la kwanza ni kwamba watu walikuwa wakizika.

7. Maji Maji ilifika Dodoma?

Haikufika. Ilianzia Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, watu wa Nandete walipong'oa pamba, ikaenea Rufiji, Mahenge, Ungoni na sehemu nyingine za kusini na kusini-mashariki.

8. Mkwawa alikuwa mwasi au mfalme aliyetetea nchi yake?

Kwa hoja ya swali la 2, hakuwa mwasi, kwa kuwa hakuwahi kuwa chini ya Mjerumani. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, majeshi yake yalikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski, na kamanda huyo akauawa. Ngome yake ya Kalenga iliangushwa Oktoba 1894, lakini yeye aliendelea kupigana msituni karibu miaka minne, akihama usiku na kulishwa na watu waliojua kwamba wakigunduliwa watanyongwa, mpaka alipojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898. Wajerumani walilichukua fuvu lake. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza lirudishwe, likarudi mwaka 1954 mikononi mwa gavana Edward Twining, na sasa limehifadhiwa Kalenga.

Hata hivyo, mwanafunzi wa Dodoma ana wajibu wa kusema na upande mwingine. Wahehe chini ya Mkwawa walivamia Ugogo na kuchukua ng'ombe. Niliwahi kumsomea mzee mmoja wa Mvumi aya ya sifa za Mkwawa kutoka kitabu cha shule, alisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa upole, "Na ng'ombe wetu, mwalimu, wameandikwa?" Mtu anaweza kuwa mtetezi wa nchi yake na mvamizi wa nchi ya jirani katika maisha hayohayo, na insha nzuri hubeba yote mawili.

9. Liti wa Singida ni hadithi au historia?

Masimulizi ya Wanyaturu yanamtaja mwanamke, Liti, aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuwatuma nyuki wawashambulie askari, mpaka akasalitiwa na kuuawa. Uwanja wa mpira wa miguu wa Singida mjini umepewa jina lake. Sioni sababu ya kuchagua upande mmoja. Kwamba mwanamke aliongoza upinzani Unyaturu si jambo la ajabu hata kidogo, na nyuki nao ni jambo la kawaida katika nchi ya wafuga nyuki. Kilichofanywa na masimulizi ni kuyaunganisha mamlaka yake na nguvu za nchi yenyewe, kama mtemi alivyounganishwa na mvua.

10. Waingereza walibadilisha nini kuhusu watemi?

Walibadilisha mwelekeo wa deni. Chini ya gavana Donald Cameron, sheria ya mwaka 1926 iliwafanya machifu kuwa vyombo vya serikali: walikusanya kodi, waliendesha mahakama za wenyeji, na walilipwa mshahara. Mtemi aliyekuwa akidaiwa na watu wake mvua na haki, sasa alidaiwa na Bwana Mkubwa daftari la kodi lililojaa. Wengine waliimudu kazi hiyo kwa heshima, na Mazengo wa Mvumi aliheshimiwa kiasi kwamba shule kubwa ya sekondari mjini Dodoma ilikuja kuitwa kwa jina lake. Lakini mfumo ulikuwa umegeuzwa, na serikali huru ilipofuta mamlaka ya kiserikali ya machifu mwaka 1963, ilikuta sehemu nyingi watu hawana cha kulilia.

## Katika fasihi

11. Kwa nini waandishi wetu husimulia utawala kwa kutumia nchi zisizokuwepo?

Kwa sababu walikuwa na kazi, familia na mkubwa wa kazi. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na katika miaka ya 1940 alifanya kazi Mpwapwa, katika idara ya mifugo. Kusadikika ilipochapishwa mwaka 1951, nchi ile iliyoelea angani ilimruhusu kuuliza maswali ambayo asingeweza kuyauliza kuhusu Tanganyika. Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha sheria. Mshtaki wake ni waziri, Majivuno, na utetezi wa Karama ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mema kwa ajili ya nchi, wakarudi nayo, wakatupwa gerezani.

Tazama kwamba Karama hapigi mtu wala hatoroki. Anasimama barazani siku baada ya siku na kuuonyesha utawala deni lake wenyewe. Wanafunzi wenye damu moto humwona mpole mno. Mimi humwona kuwa ndiye mtu hatari kuliko wote katika riwaya za Kiswahili, kwa sababu mtawala anayejibiwa kwa mkuki anajua la kufanya, na anayejibiwa kwa hoja mbele ya watu hajui.

12. Kinjeketile wa tamthilia ni shujaa au ni mwongo?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na karibu kila mtahiniwa hulijibu kwa haraka.

Kwanza tenganisha watu wawili. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ni mtu wa historia, aliyewapa watu maji ya dawa na kuwaunganisha. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa na siku chache tu, kwa hiyo iliendelea karibu miaka miwili bila yeye. Kinjeketile ni mhusika wa Ebrahim Hussein katika tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969, na mwandishi mwenyewe alisema wazi kwamba huyo ni kiumbe wa sanaa.

Sasa mhusika huyo. Anatoka majini na ujumbe kwamba watu wote ni wamoja na kwamba maji yatawalinda. Kisha anaanza kuwa na mashaka, hasa anapogundua kwamba ndani ya ujumbe ule kuna ahadi ya kuwafanya watu kuwa wana wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, yaani kumtoa mtawala mmoja na kumwingiza mwingine. Anawaomba wasubiri. Hawasubiri, kwa sababu neno alilolitoa limekwisha kukua kumzidi. Limekuwa la kwao, wala hana mamlaka tena ya kulirudisha. Mwishoni akiwa mfungwa anatakiwa kusema kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa akilisema hilo, watoto watakaozaliwa wataambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana, na sio tu kwamba walikosea kuhusu maji.

Nina nakala ya shule ambayo imepita mikononi mwa vidato vingi. Ukurasa ule wa mwisho umepigiwa mistari kwa kalamu za rangi nne, na pembeni mwanafunzi mmoja ameandika "mwongo", chini yake mwingine ameandika "baba". Ningempa alama za juu mtahiniwa anayeweza kueleza kwa nini maneno yote mawili yanakaa ukurasa mmoja. Gharama ya neno lile ilikuwa kubwa mno: makadirio ya Wajerumani yalikuwa vifo 75,000, na mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Mtu asiyetetemeka mbele ya takwimu hizo hana haki ya kumwita Kinjeketile shujaa kwa wepesi, na asiyeielewa pamba na viboko hana haki ya kumwita mwongo.

Mwanafunzi wa Ugogo asichanganye Hongo, mzimu anayemchukua Kinjeketile, na hongo ya njia iliyoelezwa katika swali la 5.

13. Kwa nini Nyerere, akiwa kiongozi wa nchi, alitafsiri tamthilia inayohusu kuuawa kwa mtawala?

Tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963, na toleo lililorekebishwa likatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Sababu moja ilikuwa kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba kazi yoyote. Lakini mtoto huyu wa mtemi wa Wazanaki hangeweza kuitafsiri beti kwa beti bila kukaa na swali lake. Brutus anamuua Kaizari kwa jina la uhuru, akiamini kwamba sababu njema inatosha. Antoni anasimama juu ya maiti, na kwa hotuba moja anaugeuza umati ule ule uliokuwa umeshangilia. Mwisho wa mchezo Roma haina uhuru, ina watawala watatu. Ninaifundisha sambamba na Kinjeketile, kwa sababu zote mbili zinauliza ni nani mwenye neno baada ya neno kutamkwa.

## Maswali magumu

14. Je, kuhama ni uasi?

Kwa mtu aliyehama, hapana. Kwa mtawala aliyeachwa, ndiyo. Nilieleza katika swali la 4 jinsi kuondoka kulivyokuwa kizuizi cha ubaya wa mtemi. Dola ya kisasa, iwe ya kikoloni au huru, haiwezi kuvumilia watu wanaohama namna hiyo, kwa sababu shule, kisima, zahanati na daftari la kodi vyote vinahitaji watu wakae mahali pamoja.

Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwakusanya watu wa mkoa huu katika vijiji vya ujamaa, na Novemba 1973, mwezi mmoja baada ya kuamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri nchini kote. Ninaamini nia ya maji na shule ilikuwa ya kweli, na mimi mwenyewe nimesoma katika shule iliyojengwa kwa sababu hiyo. Lakini tembe nyingi zilibomolewa wenyewe wakitazama, na ng'ombe wengi waliwekwa mbali na malisho yao. Kilichochukuliwa siku ile, zaidi ya nyumba, ni ule uwezo wa kusema hapana kwa miguu. Baadhi ya kaya zilirudi kimyakimya kwenye mahame yao baada ya miaka michache. Sijamsikia mzee hata mmoja akikuita huko kurudi uasi, wanasema tu, "tulirudi kwetu."

15. Ile desturi ya wanawake wa Kigogo kuvaa kama wanaume na kuchunga ng'ombe, ni uasi dhidi ya wanaume?

Rigby (tazama swali la 4) aliieleza kwa kirefu. Ng'ombe wanapougua, au nchi inapokuwa na hali mbaya, wanawake huvaa mavazi ya wanaume, hushika silaha zao, huchunga mifugo na kucheza mpaka wautupe ubaya ule nje ya mipaka ya nchi, nao wanaume hukaa kando. Kisha kila kitu hurudi mahali pake. Wapo wanaosema kwamba tendo linaloisha kwa utaratibu kurudi halimpindui mtu yeyote. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau jambo moja: siku ile wanaume wanakiri mbele ya watoto wao kwamba namna yao ya kuitunza nchi imeshindwa. Utawala unaokubali kuaibishwa hadharani kila unaposhindwa si utawala ule ule usiokubali kamwe.

16. Wanajeshi wa 1964 waliasi au waligoma?

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza. Walidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Madai yalikuwa ya wafanyakazi, lakini mfanyakazi mwenye bunduki ya serikali akiielekeza kwa serikali ameasi, na hapa neno lenyewe linatumika kwa haki, kwa kuwa walikuwa wamekula kiapo. Jeshi la Uingereza liliitwa kuwazima tarehe 25, jambo lililoumiza heshima ya nchi changa. Jeshi lile likavunjwa, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaundwa Septemba mwaka huohuo. Kambi ya Colito sasa inaitwa Lugalo, jina la mahali Mkwawa alipomshinda Zelewski.

17. Nataka kukusanya masimulizi ya uasi kwa wazee wa kijijini kwetu. Nianzeje?

Usianze na neno uasi. Ukimuuliza babu wa Bahi au Kongwa kama ukoo wake uliasi, atakujibu kwamba wao ni watu wa amani, na mazungumzo yatakuwa yamefungwa. Fika mapema kabla jua halijapanda, amkia kwa Kigogo hata kama unakijua kidogo, na muulize mlikuwa mnaishi wapi kabla ya hapa. Majina ya njaa ndiyo kalenda yake, kwa hiyo uliza kama walihama kabla ya Mtunya au baada yake. Uliza ng'ombe walipita njia gani, nani aliwapokea, na mtemi wa kule walikotoka aliitwa nani.

Mzee wa mwisho niliyemhoji alichora mavumbini kwa fimbo yake duara nne, moja kwa kila mahali baba yake alipojenga tembe. Kati ya duara la pili na la tatu fimbo ilisimama. Nikauliza kulikuwa na nini hapo. Akasema, "Hapo palikuwa na jumbe wa serikali," akaendelea kuchora.